Tango Moja la Mbegu

Aghalabu ya watu wa Mwanza, wazaliwa wa mji na wahamiaji kadhalika, hawajapata kuliona tango lililoiva. Neno hili litaonekana la mzaha kwa mtu apitaye kila siku katika soko la Kirumba au la Buhongwa, akayakuta matango yamepangwa mafungu mafungu juu ya magunia, ya kijani, yaking'aa kwa maji yaliyonyunyizwa. Walakini yale yote, tangu la kwanza hata la mwisho, ni machanga, yamechumwa kabla mbegu zilizomo hazijapata nguvu ya kuwa kitu, na tango lililofika utimilifu wake, ambalo huwa la manjano au la kahawia, limevimba, ganda lake gumu na nyama yake chachu, haliletwi sokoni kwa sababu halina mnunuzi. Hapana aibu katika kulila tunda likiwa changa, kwani wanadamu wamelila hivyo kwa maelfu ya miaka. Lakini ndani ya desturi hii kuna jambo moja lililositirika, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: kila tango lililo tamu kinywani halina kizazi, na mtu atakaye mbegu yake mwenyewe sharti aache tunda moja lisiliwe.

Zamani mtu hakuhitaji kuambiwa haya, maana aliyakuta nyumbani. Mbegu za maboga, za mamumunye, za matikiti na za matango zilikuwa katika dhamana ya mama wa nyumba, ambaye alilichagua tunda mapema likiwa bado bichi, akawakanya watoto wasiliguse, na lilipokwisha kukomaa akazitoa punje zake, akazichanganya na majivu, akazitia kibuyuni au akazining'iniza darini juu ya jiko, ili moshi uziepushe na wadudu hata mvua za vuli zinyeshe. Leo dhamana hiyo imehamia katika duka la pembejeo, na mwenye bustani ya nyumbani, awe wa Nyegezi, wa Igoma au wa Pasiansi, hununua pakiti yenye picha nzuri, akapanda, akala, akamaliza, na msimu ujao akarudi dukani na fedha mkononi. Silaumu biashara ya mbegu. Naona ajabu tu kwamba tulipoiacha kazi ya mama zetu hatukuuliza tunaiacha kwa bei gani.

Pakiti zenyewe ni za namna mbili, na tafauti yake yapasa ijulikane kabla ya jambo lingine lolote. Kuna mbegu chotara, ambazo ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili waliochaguliwa na wataalamu. Mmea wake huzaa kwa wingi na matunda yake hulingana kama ndugu mapacha, ila mtu akizihifadhi mbegu za matunda hayo na kuzipanda, watoto hutawanyika, mmoja akamfuata babu, mwingine akamfuata bibi, na ule ulinganifu ukatoweka. Kwa mkulima apelekaye mzigo katika mahoteli, chotara ni hesabu njema na sina la kumshauri. Kuna tena mbegu za uchavushaji huria, ambazo hufanana na wazazi wake mwaka baada ya mwaka, maadamu hazikuchanganyika na nyingine. Katika hizo, tango lililoenea mno Afrika ya Mashariki ni lile liitwalo Ashley, ambalo lilitolewa na kituo cha utafiti cha Charleston, Carolina ya Kusini, katika miaka ya 1950, likiwa na ustahimilivu wa ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa majani. Na mdogo wake Poinsett alitoka hukohuko katika muongo uliofuata. Mbegu hizi hupatikana bado madukani, tena aghalabu kwa bei iliyo chini ya chotara, na huenda bei hiyo ndogo ndiyo inayowafanya watu wazidharau.

Najua nitaulizwa: je, mbegu ya Carolina yaweza kuitwa mbegu ya asili, tukaitukuza kama urithi wa Usukuma? Swali ni la haki, nami nalijibu kwa swali jingine: ni tango gani basi lililo mzaliwa wa hapa? Mmea huu wote asili yake ni Bara Hindi, na mzee wake wa mwituni, mwenye matunda madogo machungu, angali akiota katika vilima vya chini ya Himalaya. Mayahudi waliokuwa jangwani pamoja na Nabii Musa, kama ilivyosimuliwa katika Suratul Baqara na katika Kitabu cha Hesabu, waliyatamani matango ya Misri pamoja na vitunguu, na wachunguzi wa mimea ya kale wana dhana kubwa kwamba hata hayo yalikuwa aina ya tikiti refu. Kwa upande wa pili, Afrika yetu ina matango yake yasiyotukuzwa na mtu. Lile lenye miiba butu na rangi ya machungwa, liotalo porini, lilichukuliwa New Zealand, likalimwa huko, likapewa jina la kibiashara la Kiwano na kuuzwa Ulaya kama tunda la anasa; na tango dogo lenye miiba laini, ambalo Wabrazili na watu wa visiwa vya Karibi hulila kama mboga yao ya jadi, jamaa zake wa mwituni wamo katika nchi zetu, nalo lilivuka bahari katika zama za biashara ya watumwa. Kwa hiyo nasaba ya mbegu ni hadithi ya safari, na mwenye kutafuta tango lisilopata kuhama atatafuta sana. Kwangu mimi mbegu huwa ya urithi siku ile mtu wa pili anapoipokea kutoka kwa mtu wa kwanza, wala si kwa cheti cha mahali ilikozaliwa. Na Ashley iliyopandwa Luchelele kwa vizazi kumi, ikichaguliwa kila mwaka na jicho la mtu mmoja anayejua anachokitaka, imekwisha kuwa ya Luchelele.

Sasa tuitazame ardhi. Mji wa Mwanza umekaa juu ya matale, na mwenye kiwanja katika milima ya Igogo, Mabatini au Bugando hulima katika mifuko ya mchanga iliyo baina ya jabali na jabali. Wasukuma waliugawa udongo wao kwa majina kwa kadiri mtu ashukavyo mlimani: juu kuna luseni, mchanga uliotokana na mawe hayohayo kwa kuliwa na mvua na jua, chini zaidi kuna ibambasi, udongo mgumu usiopenya maji, na bondeni kuna mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha Amani, Usambara, aliwaeleza wenzake duniani kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hubadilika kwa mpango kutoka kileleni hata bondeni kama pete za mnyororo, na elimu hiyo ingali ikifundishwa hata leo. Wazee wa Usukuma walikuwa wakiitumia kuchagulia mashamba yao bila ya kuipa jina la kitaalamu. Tango huipenda luseni kwa kuwa maji hayatuami hapo yakaozesha mizizi, lakini luseni ni maskini, na mvua moja kubwa huisafisha chakula chote.

Dawa ya umaskini huo haina haja ya kutafutwa mbali. Kisiwani Ukara, kaskazini ya Ukerewe, ambako watu ni wengi na ardhi ni ya mchanga vilevile, Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba zao, wakawakatia majani na kuwaletea, na samadi iliyokusanyika wakaichukua vichwani hata mashambani. Fauka ya hayo walipanda marejea kati ya uwele, wakaifukia ikiwa mbichi ili ardhi irudishiwe kile ilichotoa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1936 katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, na wageni wengi wakasafiri kwenda kustaajabu. Mwenye bustani ya mjini hana ng'ombe, lakini wafugaji wa Buhongwa na Kisesa wanayo samadi isiyokuwa na kazi, na debe mbili zilizokwisha kuoza zatosha shimo ambalo litapandwa miche mitatu. Wapo pia wanaolivua gugumaji ziwani, wakalikausha na kulichanganya na majivu na mabaki ya jikoni hata likawa mboji, na hiyo ni njia njema ya kumtumikisha adui ambaye tangu mwisho wa miaka ya 1980 ametusumbua bure. Hadhari moja ni ya lazima hapa: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo zile bustani za kijani tuzionazo zimegusana na maji, pamoja na uzuri wake, si mfano wa kuufuata. Maji na yachotwe, yapelekwe kwenye mtango.

Namna ya kupanda sitaieleza kwa urefu, maana bwana shamba yeyote anaijua: punje mbili au tatu katika shimo, kina cha pingili moja ya kidole, nafasi ya sentimita 30 hata 45, kichanja cha miti na kamba za katani ili mmea utambae kwenda juu, nyasi kavu zitandazwe chini, na maji yamwagwe shinani asubuhi wala yasilowe majani. Mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokaribia kumalizika na unyevu ungali ardhini, naona ni wakati bora kuliko wote kwa pwani hii ya ziwa. Apandaye katikati ya mvua hupambana na ubwiri, na apandaye katika kiu ya Agosti hupambana na ndoo.

Baada ya wiki tano au sita maua hutokea, na hapo ndipo elimu yenyewe inapoanza. Maua ya mwanzo ni madume matupu, na watu wengi hukata tamaa wakidhani mmea wao ni tasa. Wangoje siku chache, watayaona majike, ambayo kila moja limebeba nyuma yake kitango kidogo mfano wa kidole cha mtoto mchanga. Nyuki ndiye mshenga, na nyuki hana mipaka. Akitoka katika chotara ya jirani huingia katika Ashley yako bila ya hodi, na tunda utakalolila halitabadilika hata kidogo, ila mbegu iliyomo ndani haitakuwa ile uliyoikusudia. Vitabu vya kilimo hutaka aina mbili zitengwe kwa umbali unaokaribia kilomita nzima, jambo lisilowezekana katika mji ambao nyumba zimebebana mlimani. Basi kazi ya nyuki sharti ifanywe kwa mkono. Jioni huchaguliwa ua dume na ua jike ambayo ncha zake zimeanza kuwa manjano na yatachanua kesho, kila moja likafungwa mdomo kwa uzi laini. Asubuhi, baina ya saa moja na saa tatu, ua dume hukatwa, likavuliwa petali zake, na unga wake ukapakwa katikati ya ua jike, kisha jike likafungwa tena hata linyauke, na uzi wa rangi ukafungwa katika kikonyo cha tunda ili watu wa nyumbani walijue. Ni kazi ndogo mno. Yule mwenye kusema hana nafasi nayo nimemwona akisimama muda mrefu zaidi akingoja chai ichemke.

Nipitie hapa kuondoa dhana moja iliyoenea, ya kwamba tango likipandwa karibu na boga au tikiti huchanganyika nalo, likawa chungu. Hawaoani hao, kila mmoja ana kabila lake. Uchungu una sababu nyingine. Mtango hutengeneza sumu yake ya kujikinga na wadudu, nayo huzidi mmea unapopata kiu na joto, ikakusanyika zaidi gandani na upande wa kikonyo. Akina mama zetu hukata ncha ile, wakaisugua juu ya tango hata povu litoke, wakaamini kuwa uchungu umetoka nalo. Sijaiona faida yake, nami hufanya hivyo kila mara.

Ama mintarafu ya kuchagua tunda la mbegu, hapo pana ugumu, na ugumu wenyewe u katika hulka ya mtu wala haupo katika mmea. Tango la kwanza lililonyooka, lililo zuri kuliko yote, lililotoka katika mmea usiougua wakati wenziwe wanaugua, ndilo lililostahili kuachwa. Nalo ndilo jicho la mlaji linalolitamani kwanza. Basi huliwa. La pili likaliwa kwa ajili ya mgeni, la tatu likapelekwa kwa shemeji, na mwisho wa msimu, mmea ukiwa umechoka na majani yamekauka, likabaki moja lililopinda, lenye kiuno chembamba na alama ya inzi, na mwenye bustani akasema kwa ukarimu mwingi: hili na liwe la mbegu. Afanyaye hivyo misimu minne mfululizo asistaajabu akiona matango yake yamezidi kupinda, wala asilitukane duka lililomuuzia mbegu. Amechagua mwenyewe, kila mwaka, kwa uangalifu wa tumbo. Fauka ya hayo, mtango ukibeba tunda linalokomaa hupunguza kuzaa mengine, na gharama hiyo huonekana mezani waziwazi, ilhali faida yake ni ya mwaka ujao. Ndiyo maana ushauri wangu ni kutenga miche sita au zaidi kwa ajili ya mbegu tangu siku ya kupanda, na kuichuma iliyosalia bila ya huruma.

Tunda lililoachwa hukaa katika mti wiki tano au zaidi baada ya siku ambayo lingeliwa, likageuka rangi. Kisha huchumwa na kuwekwa kivulini wiki mbili nyingine, kwa kuwa mbegu huendelea kushiba hata baada ya kikonyo kukatwa. Hupasuliwa kwa urefu, punje zikakombwa pamoja na ute wake, zikatiwa katika bakuli na maji kidogo, zikaachwa zichache siku mbili au tatu huku zikikorogwa asubuhi na jioni. Harufu yake si ya sebuleni. Uchachu huo huula ule ute unaoizuia mbegu kuota, na huua baadhi ya magonjwa. Kisha punje nzima huzama na zilizo tupu huelea, zikamwagwa. Zilizobaki husafishwa, zikatandazwa kivulini katika sinia wala si juu ya karatasi, maana karatasi hushikana nazo, hata zikauke kiasi cha kuvunjika mtu azipindapo. Zikatiwa katika chupa yenye kifuniko kizuri, na jina na mwaka vikaandikwa. Zikikaa pakavu na penye ubaridi huota hata baada ya miaka mitano. Tunda moja hutoa punje nyingi kuliko kiwanja cha mtu kitakavyohitaji.

Inzi wa matunda ndiye adui mkubwa kuliko ubwiri, maana hutaga mayai ndani ya tunda changa na mabuu yake yakalila likiwa bado linaning'inia. Kwa tunda la mbegu, ambalo litakaa mtini muda mrefu hivyo, hakuna budi kulivika mfuko wa karatasi au wa chandarua mara linapofungwa, na matunda yaliyoanguka yafukiwe kina kirefu au yafungwe katika mfuko mweusi na kuachwa juani. Minyoo fundo ya mizizi ni adui mwingine wa luseni. Na ni ajabu kwamba lile tango letu la porini lenye miiba butu ndilo lililojaaliwa nguvu ya kuwastahimili, hata watafiti wa ng'ambo wamelijaribu kama shina la kuunganishia matikiti.

Kwamba mbegu huweza kufundishwa mahali, watu wa Mwanza ndio wa mwisho wanaostahili kulitilia shaka. Kituo cha Ukiriguru, kusini ya mji huu, kimewachagulia Wasukuma pamba tangu zama za Waingereza, na aina zenye herufi za UK, kama UK 77, UK 82 na UK 91, zilichukua jina la kituo hicho, nazo zilitafutwa zistahimili magonjwa na wadudu wa hapahapa. Chama cha ushirika cha Victoria kilichoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani kilikua juu ya mgongo wa pamba ya Wasukuma. Lakini hapakuwa na Ukiriguru ya mboga za uani, na kwa haki ya mambo haikuwezekana, kwa sababu hakuna serikali itakayomwajiri mtafiti kwa ajili ya kachumbari ya Nyegezi. Arusha kuna hazina mbili za kuheshimiwa, ile ya taifa ya nasaba za mimea na ile ya Kituo cha Mboga cha Dunia, ambazo huhifadhi mbegu katika baridi. Hazina hizo ni bima, ila mbegu iliyogandishwa haijifunzi jua la Mwanza. Kazi hiyo yabaki ya nyumba.

Na maarifa ya nyumba hupotea upesi yasipoandikwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alilitambua hilo kabla yetu sote. Alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, zilizojaa mambo ya kilimo, dawa na maisha ya nyumbani, akaja kuzifasiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na kitabu hakikutoka mpaka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Laiti angalitokea mtu wa kuandika hivyo juu ya vibuyu vya mbegu, aina gani ilihifadhiwa wapi na nani, kabla bibi wa mwisho anayeyajua hajaondoka.

Kuhusu sheria, hofu nyingi zimesemwa na baadhi yake zina msingi. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 imeweka biashara ya mbegu chini ya ukaguzi, ambao leo ni kazi ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu iliyoko Morogoro, na ni vema hivyo, kwani mbegu bandia zimewatia wakulima hasara kubwa. Tena upo mpango wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambao humruhusu mkulima mdogo kuzalisha mbegu kwa ajili ya majirani zake baada ya kukaguliwa. Nchini Kenya, mwaka 2025, Mahakama Kuu ikiketi Machakos ilibatilisha vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomtishia mkulima kwa kifungo akigawana na wenzake mbegu za kienyeji. Hapa kwetu ningependa tusingoje mahakama. Kila Agosti 8, na siku zilizo kabla yake, viwanja vya Nyamhongolo hujaa watu wa Nane Nane, na makampuni ya mbegu hupewa mabanda makubwa yenye mapambo. Meza moja na iwekwe na halmashauri pasipo kodi, mwenye tango, boga au mumunye la ukoo wake alete punje kumi katika karatasi iliyoandikwa jina la mtaa na mwaka wa kuvunwa, achukue kumi za mwingine, na fedha isitajwe mezani hapo. Afisa kilimo mmoja akae kitako na daftari, aandike nani ameleta nini kutoka wapi. Kwa mwaka wa kwanza hilo daftari lingetosha.